Rundo Lililokataa Kuoza: Risala ya Wakulima wa Paa la Dengfeng kwa Mlezi Wao

UKARIBISHO

Mgeni rasmi na mlezi wetu, Mzee Kasmir; Bibi Liang, mwenye nyumba, uliyepanda ngazi zote hizi na magoti yanayokusumbua, wapangaji wa ghorofa zote, wanafunzi wetu, nanyi mliokuwa mnapita tu mtaani mkavutwa na harufu ya pilau: karibuni juu.

Sisi ni Umoja wa Wakulima wa Paa la Dengfeng. Jina letu ni kubwa kuliko shamba letu, maana shamba lenyewe ni mabeseni, ndoo zilizopasuka na karai moja la kuogeshea mtoto. Lakini humo tunavuna mchicha, matembele na nyanya chungu, na yeyote anayejua shida ya kupata mboga hizo hapa Guangzhou hawezi kutucheka. Risala hii inasomwa na mimi, Clementina, katibu. Maneno ni ya kikao kizima. Nikikosea kusoma, kosa ni langu. Nikikosea adabu, kosa ni la kikao.

Mzee, tumefurahi sana kukuona. Tunajua leo ndiyo siku ya kufunga kontena lako kule ghalani, na mtu mwenye shughuli kama zako angeweza kabisa kututumia salamu na katoni ya maji. Wewe umewaachia vijana wako kazi, ukaja kuzindua rundo la mboji. Ndani ya kontena hilo mna pia marobota ya mwenzetu Yustina, ya vitambaa alivyonunua kwako kwa ajili ya kushonea nguo za watoto wachanga kule kwao Mpwapwa. Tunalitaja hili mapema ili lisije kuonekana limeingizwa kinyemela. Risala yetu inahusu mboji na inahusu marobota hayo, na mgeni rasmi ataona mwenyewe vinapokutana.

Utagundua pia kwamba viti vyote tumevipanga upande upepo unakotoka. Hiyo ni kwa sababu za kitaalamu.

HISTORIA FUPI YA RUNDO

Rundo letu lilianza mwaka jana, majira yale ambayo kuta za Guangzhou hutoa jasho na viatu huota ukungu kabatini. Mwenzetu Njambi, Mkenya anayepika chakula cha kuuza ghorofa ya pili, alikuwa akitupa kila siku maganda ya viazi, mashina ya sukuma na makapi ya chai. Khatib, mwanafunzi wetu kutoka Unguja, akamwambia kwamba anatupa mbolea. Njambi akamwambia kama ni mbolea basi aibebe mwenyewe. Khatib akaibeba, akaokota chaga za mbao za kupangia mizigo nyuma ya maduka, akagongomea kizimba pale kwenye kona, na tangu siku hiyo hajapata kupumzika.

Kwa faida ya wageni ambao hawajawahi kufuga mboji, mambo yenyewe ni mepesi. Vibichi vinataka vikavu. Maganda na mabaki ya jikoni ni vibichi. Majani makavu, nyasi na maboksi ni vikavu. Ukizidisha vibichi rundo linalowa, linakosa hewa, linaanza kunuka. Katika jiji hili vibichi havijawahi kuwa shida. Vikavu ndivyo shida, kwa sababu majani ya miti ya barabarani yanafagiwa kabla hayajatua vizuri, na kila boksi lililotupwa tayari lina bibi wa kuliokota. Basi rundo letu likalowa, likanywea, likaanza kutoa harufu ya mayai viza, na Bibi Liang akaanza kufungua dirisha lake na kulifunga kwa kishindo ili tusikie.

Hapo ndipo ulipoingia wewe, Mzee. Ulipanda hapa na viatu vyako vinavyong'aa, ukaweka leso puani, ukauliza, "Wanangu, shida yenu ni vikavu tu?" Tukasema ndiyo, baba. Ukacheka. "Mimi nina magunia ya vikavu." Kesho yake gari dogo likaja kutoka kwenye karakana yako ya ushonaji pale Kangle, mtaa wa vitambaa, likashusha magunia ya mabaki ya vitambaa, na wewe mwenyewe ukasimama pale palipo na tangi la maji ukatoa hotuba fupi. Ulisema, "Pamba ni mmea. Imetoka shambani, itarudi shambani." Tukapiga makofi. Khatib akayaandika maneno yale ukutani kwa rangi ya kijani, na bado yapo, ukigeuka kidogo kulia utayaona.

Aliyepiga makofi kuliko wote siku ile alikuwa Yustina. Mabaki yale yalikuwa ya kitambaa kilekile anachokinunua kwako: cheupe, chenye bata wadogo wa njano. Alichukua kipande akakiweka shavuni. Alisema watoto wa kwao watalala humo kama wafalme.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, tangu tupokee msaada wako tumepata mafanikio mengi, na itakuwa utovu wa shukrani tusipoyataja.

Kwanza, hakuna hata kipande kimoja cha kitambaa kilichopotea. Vyote vipo. Tulivitia mwaka jana, vikapitia masika, vikapitia joto la kiangazi, vikapitia kimbunga kilichong'oa kamba za kuanikia za jengo zima, na leo ukivihesabu utavikuta kama ulivyovitoa. Kuna asasi nyingi hupewa misaada na baada ya mwaka haijulikani imekwenda wapi. Sisi wako unaonekana.

Rangi nayo haijachuja. Bata ni wa njano vilevile, macho yao yanaonekana, midomo yao inaonekana. Njambi alifua kipande kimoja kilichokaa humo muda mrefu akakifanya kitambaa cha kufutia meza, na anasema hajawahi kuwa na kitambaa kinachokauka upesi namna hiyo. Kwa maneno yake mwenyewe: "Manze, hii kitu ukiimwagia maji inayakataa. Inakataa kila kitu. Hata kuoza imekataa."

Tumefanikiwa pia kuimarisha umoja. Zamani tulipokutana kwenye ngazi tuliulizana habari za nyumbani. Siku hizi tunaulizana, "Rundo limeamkaje?" Wafanyabiashara waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya wateja, sasa wanashika koleo pamoja. Wamekuwa ndugu wa shida moja. Na nzi wa mtaa mzima wamepata makazi ya kudumu.

CHANGAMOTO

Pamoja na mafanikio hayo, Mzee, changamoto ni kwamba rundo halikuwa mboji. Lilikuwa taka zenye bata.

Tulilitafutia dawa kwa bidii ambayo, tungeitia kwenye biashara zetu, leo kila mmoja wetu angekuwa mlezi wa kikundi chake. Khatib alisema limezidi maji. Akatufundisha kuchukua konzi na kulikamua, kwamba mboji nzuri ukiikamua inatoa matone machache tu, nasi tulipokamua yakatiririka mpaka kwenye viwiko. Tukanunua turubai, tukalifunika mvua isiliguse. Likaendelea kunuka. Akasema basi limekosa hewa. Tukaligeuza, tukaligeuza tena, tukalitoboa kwa mianzi juu mpaka chini, na kila tulipoingiza koleo lilinasa kwenye vitambaa vilivyoshikana kama godoro. Wanaume wazima walivuta hapa wakitokwa na jasho, na kilichotoka ni kitambaa kirefu cha bata, kisafi, kama kimetoka dukani.

Tukasema halina joto. Rundo zuri hupata joto lenyewe. Unachomeka kipande cha nondo katikati, unasubiri, unakitoa, unakishika, kinakuchoma. Chetu kilitoka baridi kama kilivyoingia. Mmoja wetu, ambaye jina lake kikao kimelihifadhi, alipendekeza tulitie mkojo, akaeleza kitaalamu kabisa faida zake. Khatib alimtafsiria Bibi Liang pendekezo hilo. Bibi Liang akajibu kwa neno ambalo kila mfanyabiashara wa hapa analijua kabla hajajua kusalimia: "Bu xing." Haiwezekani. Hoja ikafa.

Baada ya hapo tukaanza kulaumiana. Tulimlaumu Njambi kwa kutia ugali. Njambi akawalaumu Watanzania kwa kutia vichwa vya samaki. Tulilaumu hali ya hewa ya Guangdong. Tulimlaumu Khatib kwamba amesoma vitabu vingi mno, naye, kijana wa watu, akajilaumu kweli, akawa anapanda huku alfajiri kabla ya masomo kulitazama tu. "Miye sijui nimekosa wapi," alikuwa akituambia. "Kila kitu nimefanya kama inavyotakiwa."

Alikuwa amefanya kila kitu kama inavyotakiwa. Yalipofungwa maonyesho makubwa ya biashara kule Pazhou tulikwenda na mikokoteni tukaokota maboksi yaliyobaki, safari hii tukiwahi kabla ya wale mabibi, tukayachana vipande na kuyachanganya humo. Rundo likapata joto! Maboksi yakaoza, maganda yakaoza, vichwa vya samaki vikaoza, ugali wa Njambi ukaoza bila malalamiko. Nondo ikatoka inachoma. Tulishangilia, tukachimba kutazama, tukakuta udongo mweusi unaonukia vizuri, na ndani yake bata wote wako palepale wanatutazama.

Sasa, Mzee, tunaomba utuvumilie hapa. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kushika jora pale Kangle anajua kuchoma uzi. Unachomoa uzi mmoja, unawasha kiberiti. Ukinuka kama karatasi na kuacha jivu laini, ni pamba. Ukijikunja na kuwa kipunje cheusi kigumu, ni poliesta, yaani plastiki. Wewe ndiye uliyewafundisha wengi wetu jambo hilo wiki ya kwanza tulipofika. Tunawachomea wenye maduka mbele ya macho yao, nao hawakasiriki, wanacheka na kuleta jora jingine. Tumechoma uzi wa kila mtu katika jiji hili.

Wako hatujawahi kuuchoma. Ingekuwa sawa na kunusa chakula cha mama mkwe kabla ya kukila. Wewe ndiye uliyetupokea uwanja wa ndege na mabegi yetu. Khatib alipolazwa, wewe ndiye uliyelala kwenye kiti pembeni ya kitanda chake. Tulipofiwa, wewe ndiye uliyesimama mbele. Kwa hiyo mwaka mzima tulipima maji, tukapima hewa, tukapima joto, tukakaribia kupima mkojo, na kitu kimoja tu hatukukipima, kwa heshima.

CHANGAMOTO NYINGINE, AMBAYO SI YA RUNDO

Kilichotufungua macho ni kanga. Yustina alikuwa na kanga kuukuu aliyokuwa akiifunga mkononi ashikie koleo. Ndiyo aliyombebea mwanawe wa kwanza, na ilikuwa imechakaa kiasi kwamba maandishi yake hayasomeki. Siku moja ilidondokea humo, tukaigeuzia ndani bila kujua. Aliitafuta sana. Tulipokuja kuchimba tena tukakuta pindo lake tu, uzi mmoja mwekundu. Iliyobaki ilikuwa imeshakuwa udongo, na juu ya udongo huo amelala bata wako, mzima wa afya.

Humo humo tulikuta jambo jingine. Vijana wako, walipofunga yale magunia, walitupia kwa bahati mbaya lebo kadhaa, zile za utepe zinazoshonewa shingoni, zilizoandikwa pamba asilimia mia. Hizo zimeoza zote mpaka herufi ya mwisho. Tulizitafuta tukapata moja tu, nusu yake, ikameguka mkononi. Katika msaada wako wote, Mzee, lebo ndizo zilizokuwa pamba.

Yustina alikichukua kile kipande cha bata akashuka nacho jikoni kwa Njambi. Tukamfuata, hakuna aliyemwita mwenzake. Alichomoa uzi, akaupeleka kwenye moto wa gesi. Ukajikunja. Ukawa kipunje cheusi. Njambi akasema, "Wueh," na akazima jiko.

Hapo ndipo Yustina alipotusikilizisha sauti iliyoko kwenye simu yake. Ilitoka kwa mama mmoja wa Mpwapwa aliyenunua nguo za mzigo uliopita, na alikuwa nayo muda mrefu bila kutuambia. Tunainukuu kwa ruhusa yake: "Dada Yustina, shikamoo. Ulisema pamba, dada. Mtoto ana vipele mgongo mzima, halali, joto likipanda ndiyo analia mpaka anakauka sauti. Nimebadilisha sabuni kama ulivyoniambia. Nimebadilisha mafuta. Mpaka maji nimebadilisha, nachota kwingine. Bado. Sijui nakosea wapi, dada." Sauti inaishia hapo.

Tulisimama jikoni tukaona haya. Yule mama alikuwa amefanya kama sisi. Alibadilisha kila kitu isipokuwa nguo, kwa sababu nguo ilitoka kwa mtu anayemwamini. Yustina alilia, na si kilio cha kujionyesha. Alisema kwamba aliyemwambia abadilishe sabuni ni yeye.

Mzee, hayo yalikuwa kabla ya wiki hii. Unajua yaliyofuata, lakini wageni hawajui, na kikao kimeagiza yasomwe. Yustina alikuja ofisini kwako, na mimi katibu nilimsindikiza. Alikuwekea kile kipande mezani, kimefuliwa na kupigwa pasi. Hukukishika. Ulimwuliza, "Mwanangu, nani amekufundisha kupima biashara kwa jalala?"

Akasema, "Baba, sitaki ugomvi. Naomba marobota yangu tu yatoke. Nitayabeba mwenyewe."

"Kontena limeshapangwa. Ukichomoa lako, la mwenzako linaporomoka. Kila mtu akija na jalala lake tutasafirisha lini?"

"Basi niambie ni pamba, baba. Wewe niambie tu ni pamba, nami nitanyamaza."

Uliangalia dirishani. Ukaita chai. Chai ikaja, tukanywa, ukatuuliza habari za wazazi, tukaaga.

Hukusema ni pamba. Kikao kimelijadili sana jambo hilo, kuliko kilivyojadili rundo. Ungeweza kusema, umelisema neno hilo mara nyingi, limeandikwa pale ukutani kwa rangi ya kijani. Lakini mtoto wa kike alipokuuliza uso kwa uso, ulishindwa. Wengine katika kikao walisema ni ujanja. Wengi tulisema si ujanja, ni kwamba na wewe uliuziwa maneno na kiwanda, ukayauza kama ulivyoyanunua, na huna wa kukuchomea uzi kwa sababu sote tunakuogopa. Tumekuogopa kwa sababu tunakupenda. Tunakiri kwamba mapenzi ya aina hiyo hayajamsaidia mtu.

HATUA TULIZOCHUKUA

Rundo tumelirekebisha. Bata wote tumewatoa, mmoja mmoja, kazi ya jasho, wamejaza magunia yale yale waliyokuja nayo, na yamesimama pale nyuma ya tangi yakikusubiri. Sasa tunatia maboksi ya Pazhou, makapi ya chai na maganda, tunafunika kila tukitia, tunaligeuza likianza kupoa. Halinuki. Kama leo unasikia harufu, ni ya magunia. Bibi Liang amerudi kufungua dirisha lake bila kishindo, na juzi alituletea maganda ya machungwa aliyoyakausha mwenyewe, akayaweka mlangoni akaondoka bila kusema neno.

Kwa hiyo, kusema kweli, hakuna cha kuzindua. Rundo lilishajizindua lenyewe siku tulipoutoa msaada wako humo. Kikao kilifikiria kukuandikia hivyo kwenye kadi ya mwaliko, kikaona usingekuja.

Na tulitaka uje. Tulitaka uje leo, saa hizi, ukae kwenye kile kiti chenye mto.

Risala hii iliandikwa jana, Mzee, kwa hiyo hatuwezi kujua simu yako imeita mara ngapi mpaka hapa tulipofika kusoma. Tunakisia ni nyingi, na tunakushukuru kwa adabu yako ya kutoipokea wakati watu wanasoma. Anayekupigia ni msimamizi wako wa ghala. Anataka kukuambia kwamba Yustina yuko pale tangu ulipoanza kupanda ngazi zetu, yeye na wanafunzi wenye mikono ya kubeba, na wanatoa marobota yake. Ni yake, ameyalipia, yana jina lake kwa maandishi makubwa. Hakuna la mtu mwingine litakaloondoka. Ya wengine yatasogezwa tu, kisha yatarudishwa na kupangwa vizuri ili hata moja lisiporomoke. Wakala wa mizigo ameshaarifiwa ili arekebishe hati. Vitambaa hivyo Yustina ataviuza hapa hapa mjini, kwa jina la poliesta, kwa watu wanaotaka poliesta, nao wapo. Mama wa Mpwapwa ameshapigiwa simu. Ameambiwa sabuni haikuwa na kosa.

Tunaomba radhi kwa kukuketisha na maneno marefu ya maganda na nzi. Tulijua kwamba hutamkatiza msomaji wa risala. Hujawahi kufanya hivyo hata kwa watu waliokuchosha zaidi yetu.

MAOMBI

Kikao kilikuwa kimeandaa maombi mengi kama ilivyo desturi: koleo jipya, turubai pana, glavu, na ngazi isiyoteleza kwa ajili ya Bibi Liang. Tumeyafuta. Koleo tutanunua wenyewe.

Limebaki ombi moja, na halihusu marobota ya Yustina, kwa sababu hayo bila shaka sasa hivi yako kwenye kivuli cha ukuta wa ghala. Linahusu yale yaliyobaki ndani. Hayo ni yako, Mzee. Ni ya bata walewale, yana lebo zilezile, na yanakwenda kwa akina mama ambao hawana namba ya simu ya Yustina. Hatuna haki ya kuyagusa na hatutayagusa. Yustina amemwomba dereva wa lori asubiri kidogo, na dereva amekubali, ila naye ana foleni ya bandarini. Mlango wa kontena uko wazi.

Chini kuna teksi. Tumemwambia dereva njia. Pilau tumekufungia, ule ukiwa garini, maana hatutaki isemekane mgeni rasmi alitoka kwetu na njaa. Hatujui ukifika pale utafunga ule mlango au utaita vijana wapakue, na hatutakupigia simu kukuuliza. Tutajua tu, kwa sababu wale watoto wana mama zao, na mama zao wana sauti.

Mungu akufikishe salama, Mzee wetu, akupe moyo mwepesi njiani. Awape usingizi watoto wote watakaovaa unachokifunga leo. Bibi Liang, asante kwa paa. Wageni, pilau linapakuliwa upande ule, karibuni.

Ni sisi tunaokuheshimu kuliko jana,
Umoja wa Wakulima wa Paa la Dengfeng, Guangzhou.